Ukuta Ulioshiba Maneno

Fundi alifika saa nne badala ya saa mbili, akasema njia ilikuwa mbaya, akaomba maji ya kunywa, kisha akatandika gunia chini ya ukuta wa jikoni. Juu yake akapanga tindo, nyundo, mwiko na pima maji. Penseli ilikuwa sikioni. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshausogeza mtungi wa gesi mpaka mlangoni. Alitaka mashubaka matatu ndani ya ukuta, moja juu ya jingine, ya kuwekea sufuria, sahani na makopo. Kabati hakulitaka, maana jiko lile lilikuwa jembamba kiasi kwamba mtu akiinama kuokota kijiko, makalio yake yalifunga mlango.

Sababu ya mashubaka ilikuwa moja. Vyombo vyote vilikuwa vimejazana stoo, chumba kidogo cha mwisho wa nyumba. Vyombo vikihamia ukutani, stoo itabaki tupu, na mama yake mzazi atapata pa kulala. Mama yake alianguka bafuni, nyonga haikupona sawasawa, naye alikuwa anaishi peke yake katika chumba cha kupanga, akipikiwa na jirani ambaye alishaanza kuweka sahani chini kwa kishindo.

Jambo hili mke alimwambia mumewe mara zisizo na idadi. Alimwambia akimenya vitunguu, akisugua masufuria, akichuja chai. Mume alikuwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta huohuo, kiti amekiegemeza ukutani na televisheni iko mbele yake. Kila mara alijibu neno moja.

"Haya."

Asiyemjua angedhani amekubali. Mkewe alimjua. Haya ile ilikuwa ya mdomoni. Ile nyingine, ya usoni, hakuwa nayo hata ya kuazima. Ndiyo maana mke alizoea kugonga mwiko wa ugali kwenye ukingo wa sufuria na kusema, "Bora niongee na ukuta." Alilisema hilo miaka mingi. Kumbe ukuta ulishakubali zamani.

Tofali la kwanza lilipotoka, lilisema kwa sauti ya mama mwenye nyumba, "Bwana, bomba la jikoni linavuja." Fundi alilifuta vumbi, akaliweka juu ya gunia. La pili likasema, "Nimesema bomba linavuja." Fundi aligeuka kulitazama bomba. Lilikuwa linavuja. Akaendelea na kazi.

Mengine yalitoka moja moja, kila moja na lake. Mtoto ana homa. Leo nimetimiza miaka arobaini. Usikalie miwani yangu. Umekalia miwani yangu.

"Hongera kwa kutimiza arobaini," alisema fundi.

"Ilikuwa zamani," alijibu mama mwenye nyumba.

Kadiri fundi alivyochimba, ndivyo matofali yalivyozidi kusema jambo lilelile: mama ameanguka, mama hawezi kuchota maji, nataka nimlete mama akae stoo. Fundi alisimama, akaipitisha kucha kwenye makali ya tindo, akasonya.

"Mama, ungeniambia mapema kama ukuta una maneno. Ona tindo langu. Maneno yanamaliza makali kuliko zege."

"Nilimwambia mume wangu kila kitu."

"Basi ndiyo haya. Yameingia upande huu, upande ule hayakutokea. Ukuta umeshiba."

Aliingiza mkono kwenye shubaka la chini kupima kina. Mkono ukaingia mpaka begani, wala haukugusa kitu. Akaenda sebuleni kuhakikisha hajatoboa. Plasta ilikuwa laini, picha ya harusi ilikuwa imenyooka, na mume alikuwa amekaa palepale.

"Samahani mzee, hapo nyuma yako hakuna ufa?"

"Haya," alisema mume.

Fundi akarudi jikoni. Alianza kumwonea huruma yule mama, na akalikaza bomba kwa koleo mara mbili, bure, likaacha kuvuja.

Mchana mama mwenye nyumba alichagua tofali moja katika lundo, zima, lisilo na ufa. Alilifuta kwa kanga, akalibeba hadi sebuleni na kuliweka kwenye meza mbele ya mumewe. Akasubiri, mikono kiunoni. Tofali likasema, kila neno peke yake, "Bwana, nataka nimlete mama hapa, alale chumba cha stoo, anateseka kule."

"Haya," alisema mume. Akaweka kikombe chake cha chai juu ya tofali, maana meza ilikuwa na alama za vikombe na alishagombezwa kuhusu hilo.

Mke alimtazama. Aliona koo lake likipanda na kushuka kwa chai, akaona jinsi alivyokuwa mzima, asiye na uziwi wala ugonjwa wowote, na akachoka mpaka kwenye mifupa. Lakini kusema kweli, haya ni haya. Aliondoka nayo hivyohivyo.

Mashubaka yalikamilika. Fundi aliyapiga plasta kingo, akaweka vibao, akaondoka akilalamikia tindo. Mke alihamisha vyombo vyote. Sahani zilisimama juu, makopo katikati, masufuria chini, na nyuma yao giza lilienda mbali kuliko ukuta ulivyokuwa na haki ya kwenda. Alifagia stoo, akadeki, akalaza godoro jipya na kuweka kigoda karibu nalo, kwa ajili ya ile nyonga. Kisha akakodi teksi kwenda kumchukua mama yake.

Waliporudi, godoro lilikuwa limesimamishwa koridoni. Ndani ya stoo mlikuwa na makochi, seti nzima, mapya kabisa, yamefungwa nailoni.

"Jamaa yangu anahama," alisema mume kutoka kwenye kiti chake. "Hajapata nyumba ya kuyatosha. Nikamwambia alete, si chumba kilikuwa kitupu?"

"Na mama yangu nimweke wapi?"

"Mama yako?" Sasa mume aligeuza shingo. Alimwona mama mkwe mlangoni, na fimbo yake na mkoba wake. "Shikamoo, mama. Karibu." Kisha akamgeukia mkewe, amekunja uso. "Mbona hukuniambia?"

Tofali lilisema, chini ya kikombe, "Bwana, nataka nimlete mama hapa, alale chumba cha stoo, anateseka kule."

Mume aliinua kikombe, akanywa, akakirudisha.

"Ndiyo tabu yenu," alisema. "Mambo mnayaleta ghafla."

Hasira zilimpanda mke. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, lakini alijua yangeenda wapi. Alimshika mama yake mkono, akampeleka jikoni, akamkalisha kwenye ndoo iliyofunikwa na kuteleka chai.

"Mwanangu," mama yake alinong'ona, "mumeo ni kiziwi?"

"Angekuwa kiziwi, mama, ningemsamehe."

Bi mkubwa alipuliza chai yake. Upepo mwanana ulikuwa unatoka kati ya masufuria, unampoza magoti. Aliinama kidogo, akasogeza sufuria moja kwa ncha ya fimbo.

"Humu ndani kunaendelea?"

"Kunaendelea."

Waliyatoa masufuria. Ndani palikuwa pakavu, pasafi, papana vya kutosha kitanda na nafasi ya kugeuka. Ilikuwa ni miaka mingi ya kusema, na maneno huchukua nafasi. Wakaingiza godoro, likapita bila kukwama. Kigoda nacho kikaingia. Mwisho akaingia bi mkubwa mwenyewe, kinyumenyume, mguu mbaya kwanza, kama daktari alivyomfundisha kuingia kwenye gari.

"Dari liko chini," sauti yake ilitoka nyuma ya sahani. "Lakini nimeshalala pabaya zaidi."

Fundi aliitwa tena kupunguza kizingiti na kuweka waya wa pazia. Alipomwona bi mkubwa ndani alimwamkia, akapima, akasonya.

"Mama, ungeniambia mapema kama shubaka ni la mtu. Ningeweka mlango."

Tangu hapo bi mkubwa anaishi ukutani. Nyonga imepata nafuu kidogo. Jioni, binti yake akipika, wawili hao huzungumza. Mkono wa bi mkubwa hutokeza kati ya makopo kupokea kikombe, au kumwonyesha binti kwamba chumvi iko pale, si kule. Hucheka sana. Kule stoo makochi ya watu yamelala kwenye nailoni yake, na mume ameweka kufuli mlangoni yasije yakachafuka.

Mara moja moja hupunguza sauti ya televisheni, amekereka.

"Unaongea na nani huko?"

"Naongea na ukuta," hujibu mkewe.

"Haya," husema mume.