Mlango wa Jikoni, Gion

Ebu sikia hii. Agosti 2020, saa kumi na mbili jioni hapa ugenini Irving, jua bado linachoma dirishani, na kule Kyoto ni asubuhi ya kesho! Simu yangu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mama mkubwa Emérance kakaa mbele yake, kajifunga kitenge cha kanisani.

Ilikuwa ile ziara ya live ya mtandaoni, ya kutembezwa mitaa ya zamani ya mageisha. Tulikuwa watu tisa. Wenzetu walitaka kuona wale akina dada wa muziki na ngoma, nyuso nyeupe, kimono. Sisi tulitaka mlango mmoja tu. Mtoto wa mama mkubwa, kaka Egide, alikuwa anaosha vyombo kwenye jiko la nyumba ya chai pale Gion, mitaa hiyohiyo. Aprili wakapiga simu: corona, amefariki. Mwili wakauchoma, ndiyo desturi ya kule, sisi hatukuona hata picha. Toka siku hiyo mama mkubwa hajalia. "Maiti iko wapi?" Basi. Padri kaja mara mbili kupanga misa ya marehemu, mama mkubwa hataki, mara zote kanywa chai akaenda.

Kanako, dada anayetutembeza, anaenda na simu inatikisika. Nyumba za mbao, mapazia ya mianzi, taa za karatasi, mtaa mtupu kabisa. Mimi natafsiri mbio mbio.

"Kichochoro hiki ku-film hairuhusiwi," akasema. "Na kwenye nyumba hizi mgeni haingii mpaka aletwe na mtu wanayemjua."

"Mwambie mimi naletwa na Egide."

"Mama mkubwa, jamani..."

"Mwambie! Apige hodi jikoni, amuulizie."

Nikamwambia. Kanako akafunika kamera. Giza. Hatua. Mlango unaburutwa. Sauti ya mwanaume, fupi.

"Anasema hamjui Egide," Kanako akanong'ona. "Yeye ameanza kuosha vyombo hapa mwezi wa tano."

Mimi huyu, kila stori naitia chumvi.

"Kasema nini?" mama mkubwa akauliza.

Ningeweza kudanganya. Ningesema wanamkumbuka, wanakusalimia.

"Kuna mtu mwingine kwenye kazi yake, mama mkubwa."

"Nafasi ya Egide wamempa mtu?"

"Ndiyo. Tangu mwezi wa tano."

"Egide haachi kazi," akasema polepole. "Hata na homa alikuwa anaenda. Angekuwa hai angewaambia wamwekee."

Akashuka kwenye kiti, akakaa chini kwenye kapeti, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa kwetu, akavua kitambaa kichwani. Ndipo kilio kikamtoka. Jirani wa juu akagonga sakafu. Kwenye simu, Kanako alikuwa ameinamisha kichwa, na chini yake mwenzetu mmoja wa ziara, mtu wa Houston, kaandika: mageisha wanatoka saa ngapi?

Nikatoka kwenye ziara, nikampigia padri. Hata kabla sijasema kitu. Aliisikia ile sauti nyuma yangu, akauliza tu, "Misa Jumamosi?"