Kunawa Mara ya Pili

Jumapili saa tisa alasiri, mgahawa wa Mama Juliana pale Buseresere ulikuwa umejaa watu waliotoka kanisani, na Asteria, mhudumu, alikuwa akizunguka na birika na beseni kunawisha wateja. Mwanamke anayenawa mara moja amekuja kula. Anayeomba kunawa mara ya pili anamwogopa mwanamume aliyekuja naye, na huyo huyeyuka: huanza vidole, ikafuata mikono, kisha yeye mzima na viatu vyake, akaingia kwenye beseni. Asteria hulifunika kwa kitambaa, akalibeba polepole mpaka nyuma ya jiko, akayamwaga maji chini ya mpapai. Hapo mwanamke husimama, akakamua pindo la gauni, na Sostenes wa bodaboda akampeleka kwao.

Kazi hiyo inataka utulivu. Mwezi wa tatu Asteria alidondosha matone mawili kizingitini, na Melania, aliyekuwa ndani ya beseni, hana kucha ya kidole kidogo mpaka leo. Hajalalamika. Zipora, aliyeona haya kuomba maji, alivunjwa mkono, akaeleza zahanati kwamba ameanguka na pikipiki. Wote wawili walikuwa wameletwa na mtu mmoja, Donatus, mwenye karasha tatu za kusaga mawe ya dhahabu.

Jumapili hiyo Donatus alimleta Loveness, fundi cherehani. Simu ya Loveness ilikuwa mfukoni mwa Donatus, eti isiibiwe. Chumba cha gesti alikwishakichukua bila kumuuliza. Loveness alipotaka kuaga, Donatus alimbana mkono chini ya meza huku akitabasamu.

"Leo huendi popote," alimwambia.

Wanawake watatu walikuwa wamekwisha kumyeyukia mezani, na Donatus si mjinga. Aliliona jambo lile kuwa huduma mbovu.

"Lete chipsi kuku na uma mbili," alimwambia Asteria. "Maji ya kunawa acha. Sisi si washamba."

Loveness aliutazama uma wake. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Asteria."

Meza za jirani ziliacha kutafuna. Loveness ndiye aliyemshonea Asteria sare ya darasa la kwanza, na tangu siku hiyo shikamoo ilitoka kwa Asteria kwenda kwake. Hapa kwetu mtu haigeuzi shikamoo hivi hivi tu.

Donatus alifurahi. "Nampenda mwanamke mwenye heshima," alisema.

"Marahaba," Asteria aliitikia kwa shida, na chupa ya pilipili ikamponyoka. Ilimmwagikia Loveness mikono yote miwili.

"Jamani, samahani dada! Bosi, anawe haraka, asije akajigusa macho."

Hata Donatus hakuwa na hoja mbele ya pilipili. Maji yakaletwa. Loveness akanawa.

"Inatosha," alisema Donatus, ambaye alikuwa akihesabu.

"Bado inawasha," alisema Loveness, akaingiza mikono tena.

Donatus alimdaka kiwiko, kikamteleza kama mlenda. Asteria alilifunika beseni, akalipitisha katikati ya meza, na wateja wakakunja miguu kumpisha. Chini ya mpapai Loveness alisimama akiwa mzima. Alivihesabu vidole vyake mara mbili, akalia kidogo.

"Wabeja, asante sana, mdogo wangu," alisema. Sostenes alikuwa amekwisha kutandika nailoni kwenye kiti cha pikipiki. Simu yake ilibaki mfukoni mwa Donatus.

Ndani, Mama Juliana alimwomba Donatus radhi kwa usumbufu, akampa soda ya bure. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, lakini huyu hakupita. Alikaa akala kuku wa watu wawili. Inaniuma kusema, ila na sisi tuliendelea kula.

Jumanne kilifanyika kikao cha majirani kuhusu usalama wa akina mama. Mzee Bujiku aliuliza kama yule bwana hawezi kukatazwa kuja mgahawani. Aliombwa asitoke nje ya mada. Baada ya majadiliano marefu ilionekana kwamba tatizo ni beseni: ni dogo, na mwanamke mwenye mwili anaweza kumwagika. Donatus, aliyekuwa amekaa meza kuu, alisimama akaahidi beseni kubwa la bati zito. Tulimpigia makofi.

Jumapili iliyofuata alikuja na Kudra, binti mgeni kutoka Mwadui, mcheshi, anayecheka kwa sauti. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa Donatus. Wakati Donatus akipokea pongezi za beseni meza ya pili, Asteria aliliweka lile beseni jipya mbele ya Kudra, akammiminia maji, akamwinamia sikioni.

"Dada, hapa tunanawa mara mbili."

Kudra alicheka. Alimwonyesha viganja vyote viwili, akasema asante, mikono yake ni safi.