Chumba cha Sudi na Salama

Mchana ule Hizza Mndolwa, mtunzi wa hadithi za mapenzi, alijitupa kwenye kochi nyumbani kwake Tanga akiwa na kinyongo na mkewe. Alikuwa amemaliza riwaya ya Salama na mumewe Sudi, watu waliopendana hadi ajali ya kiwanda cha mkonge ilipowageuza wageni ndani ya nyumba moja. Kessy, mchapishaji wake, alitaka iongezwe japo sehemu moja ya chumbani, maana wasomaji huulizia hiyo kwanza. Hizza hakujisumbua. Alifanya kama alivyozoea: akachota kurasa za mahaba kutoka kitabu chake cha zamani, akabadilisha majina, akazipachika. Mwajabu, mkewe, ambaye husoma kila anachoandika kabla ya mtu mwingine yeyote, alizirudisha mezani bila kuzimaliza. "Baba Zaina, hawa watu siwajui," alisema. "Salama nimekuwa naye tangu mwanzo. Humu chumbani hayumo." Hizza akamjibu kwamba ataomba ushauri wake siku atakayoandika kitabu cha mapishi. Yalikuwa maneno ya hovyo, naye aliyajua hivyo yakiwa bado mdomoni. Dereva wa Kessy alikuwa njiani kuja kuchukua mswada. Hizza akafumba macho apumzike kidogo, usingizi ukamchukua.

Akajikuta katika nchi ya barabara moja, nyumba zimepangana huku na huku, na nyumba zenyewe ni vyumba vya kulala tu. Mwanamke mrefu aliyejifunga kanga isiyo na maandishi alimsalimu kwa jina, akasema anaitwa Insafu na amepewa kazi ya kumtembeza. Upande wa kulia alikaa Tamaa, bwana mnene mwenye sauti tamu, na milango yake yote ilikuwa wazi. Ndani ya kila chumba watu wawili walikuwa wamekumbatiana. Hizza akachungulia chumba hiki na kile, mwanzoni kwa hamu, kisha akaanza kuchoka, kwani nyuso zao hazikuwa na macho wala pua, laini kama yai lililomenywa. "Wote hawa ni wako," Tamaa alimwambia akicheka. "Mimi nawabadilishia majina tu, kama unavyofanya mwenyewe." Hizza aliona aibu, akakimbilia upande wa pili, ambako Haya, mama mwembamba mwenye nyundo, alikuwa akipigilia misumari kila mlango. "Njoo kwangu, mwanangu," alisema. "Nikishafunga, hakuna atakayekusema." Maneno hayo yalimtuliza Hizza, mpaka aliposikia mtu akilia nyuma ya mlango mmoja. Akauliza ni nani. "Sijui," Haya alisema. "Sijawahi kufungua nikatazama."

Insafu akamwekea mkono begani. "Hawa wawili wanagombana tangu watu waanze kusimuliana hadithi," alisema, "na hakuna kati yao aliyewahi kuuliza ndani kuna nani. Mtunzi hahukumiwi kwa kufungua mlango wala kwa kuufunga. Anaulizwa kama waliotoka ni wale wale walioingia. Kama ni wale wale, ametupotezea muda. Kama walibadilika humo, naye akatufungia nje, ametunyima hadithi yenyewe." Kisha akaing'oa misumari mmoja mmoja, akamwashiria Hizza aingie.

Salama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Akafuta machozi. "Shikamoo, baba," alimwamkia aliyemtunga. Pembeni yake alisimama Sudi, shati limefungwa hadi shingoni, mkono wa kushoto wa shati ukining'inia mtupu. "Tangu mashine imkate, mume wangu halali bila shati, na taa anaizima kwanza," Salama alisema. "Ulipotuleta humu nilijua leo atavua. Ningeliona kovu lake, naye angeona kwamba sikugeuza uso. Nilikuwa sitaki kingine." Sudi akainamisha kichwa. "Nilikuwa nimeshafungua vifungo viwili," alisema. "Ndipo zikaja kurasa zako. Zinasema nilimkumbatia kwa mikono yote miwili." Alisema bila hasira, na Hizza akatamani angemtukana.

Aliamka, akaketi wima. Sasa aliona wazi kwamba chumba kile kilihitajika kuliko sura nyingine yoyote, na kwamba yeye alikijaza watu wengine. "Mama Zaina, mswada uko wapi?" Mwajabu akamwambia dereva alishauchukua zamani; yeye alipomwona mumewe amelala, hakutaka kumwamsha. Hizza akampigia Kessy simu. "Umeniweza," Kessy alisema. "Pale chumbani nimeparudia. Usipaguse." Hizza akamwambia Sudi ana mkono mmoja. Kessy akaguna. "Mkono tutausahihisha kwa kalamu. Kitabu kinaingia mtamboni asubuhi, ukikizuia hakitoki mwaka huu." Hizza aliwaza mwaka mzima bila kitabu. Halafu akasema, "Basi, kiache."

Alimkuta Mwajabu jikoni, akamwomba radhi kwa maneno ya mchana, akamsimulia ndoto yote. Mwajabu alisikiliza bila kumkatiza, akaepua chungu, akaketi.

"Kwa hiyo Salama hataliona lile kovu?" aliuliza.

"Hataliona," Hizza alisema, na neno lilimtoka kwa shida, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumwonyesha.