Sala ya Kusikiwa na Mkwe

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, aliniwekea kamera ukutani sebuleni nilipofiwa na mume. Alisema mjane hakai bila mlinzi, atakuwa ananiangalia kwenye simu yake. Nilimshukuru, nikamwombea. Lakini mtu hawezi kuvua nguo mbele ya jicho la mkwe, kwa hiyo nilizoea kuitupia kitambaa. Nilidhani nikiliziba jicho nimemaliza.

Asubuhi hiyo binti yangu alikuja mdomo umevimba. Safari hii alikuwa amemtoroka mumewe kabisa, maana mara ya mwisho aliporudishwa alivunjwa mkono. Nikafunika kamera, nikamkanda uso, tukapanga palepale: aende kwa mdogo wangu anayefanya usafi hospitali, na simu aizime asifuatwe. Nikamsindikiza hadi basi likaondoka.

Niliporudi, ukuta ukaniamkia kwa sauti ya mkwe.

"Shikamoo, mama. Toa hicho kitambaa, sikuoni."

Nikaitikia marahaba, nikakitoa, nikamtania kwamba siku hizi anakaa ukutani kama mjusi.

Akacheka. "Kusikia nasikia, mama. Kuona tu ndiyo shida."

Habari za mke wake hakuuliza. Hapo nikajua hana haja ya kuuliza.

Nikatoka uani, nikampigia mdogo wangu. Simu inaita tu. Akiwa zamu huiacha kabatini. Ya binti imezimwa, na mimi ndiye niliyemwambia azime. Mkwe ana gari. Angefika kabla ya basi.

Nikarudi ndani, nikapiga magoti mbele ya kamera, nikatoa sauti ileile ninayosalia kila siku.

"Baba, nakushukuru mwanangu amebadili mawazo. Mfikishe salama kwa shoga yake kule machimboni, asipite kabisa kwa mdogo wangu."

Tangu nipate akili nilikuwa sijawahi kumdanganya Mungu.

Kisha ukuta ukasema, "Amina, mama."

Gereji yake iko juu ya mtaa wetu. Punde gari lake likapita dirishani kwa kasi. Kwenye njia panda likasita, likakata kushoto, barabara ya machimboni.

Nikabaki kwenye magoti. Sasa ndiyo nilikuwa na la kumwambia Mungu: la toba, na la kuomba mdogo wangu aishike simu kabla mkwe hajagundua. Lakini kile kijitaa cha kamera kilikuwa bado kinawaka. Nikajisokomeza kitambaa mdomoni, nikasali ndani kwa ndani.