Makaburi ya Malori

Asubuhi ya siku ya soko, Nyiraneza alikuwa akipanga ndizi zake kandokando ya barabara, nje kidogo ya Kashebere, matope yalipoanza kupiga honi. Aliendelea kupanga mpaka mkungu wa mwisho ukakaa vizuri, ndipo akageuka kutazama.

Mahali pale madereva wenyewe ndio waliopaita Makaburi. Ulikuwa mzaha wao, kwa sababu malori yaliyoelekea Walikale yalikuwa yakifia pale. Kisha matope yakazoea, yakaanza kumeza lori pamoja na dereva wake, na mzaha ukaota misalaba. Kila familia ilisimika wake pembeni na kupanda maua, kama inavyompasa marehemu yeyote. Msalaba wa Émile, mumewe, Nyiraneza aliupaka chokaa kwa mkono wake, akanyoa nywele, akamaliza matanga.

Lori la kwanza lilitoka matopeni, likafuatwa na jingine, na jingine tena. Soko zima lilipasuka kwa vigelegele! Watu waliacha samaki wa chumvi wa makayabo na mihogo juani wakakimbia, wengine viatu mkononi, maana mgeni wa mbali hapokewi kwa mwendo wa kinyonga. Wanawake walichota maji wakaosha vioo. Émile aliteremka kutoka lori la tatu akiwa na matope masikioni na tabasamu lake lile lile. Nyiraneza alifurahi hadi kitenge kikataka kumdondoka.

"Mama Umwali, kuko chakula?" Émile aliuliza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Kuko sombe. Ikala kwanza."

Alikula sahani mbili. Hakuna aliyeuliza ametokaje. Waliuliza tu kwa nini amechelewa.

"Tulikuwa tunangojea barabara," Émile alisema. "Jana radio ya gari ilisema barabara ya Walikale ilishaisha kutengenezwa, na bakubwa banaifungua. Njo tukawasha moteur."

Vigelegele vilipungua. Tangazo hilo kila mtu sokoni alikuwa amelisikia, na kila mtu alijua kwamba kuanzia kwenye kona ile ya mbele hata jembe halijagusa barabara. Lakini nani angelisema, siku nzuri kama ile? Faustin, muuza mazutu, alijaza matangi bure na kukwepa macho ya madereva.

Nyiraneza aliung'ang'ania mlango wa lori.

"Usiende, Papa Umwali. Barabara iko hakuna. Banadanganya."

"Banadanganya mu radio kabisa, Mama?" Émile alicheka kwa upole, kama anayemsamehe mkewe wivu. "Niko na chumvi ya batu, bananingojea Itebero. Kesho niko nyumbani."

Malori yaliondoka kwa shangwe, na watu wakayakimbilia nyuma wakipunga kanga. Penye kona yalizama, moja baada ya jingine. Honi ya Émile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kunyamaza.

Mchungaji alisema hana ibada ya mtu kuzikwa mara ya pili, hivyo akasoma ile ile. Misalaba mipya ikachongwa. Wanawake wakamletea Nyiraneza wembe wa matanga, naye akauweka kando kwanza. Alipiga magoti ukingoni mwa matope, akakinga mikono mdomoni:

"Zima iyo radio, Papa Umwali! Siku barabara itatengenezwa, miye njo nitakuita!"