Kaburi la Kuazima

Mwashi alizunguka makaburi yale ya kale mpaka viatu vikaomba huruma, na kaburi la baba yake halikuonekana. Alilijenga mwenyewe kwa matofali, enzi zile bado anajifunza kazi, tofali moja la pembeni likakaa upande. Mtu hasahau kazi ya mikono yake, ndivyo alivyojipa moyo tangu kituo cha basi.

Mlinzi ndiye aliyemkata maini. Alimweleza, bila ubaya wowote, kwamba makaburi ya wakubwa wa zamani yameachwa kwa ajili ya wageni wanaokuja kupiga picha. Yale ya matofali, ya akina yakhe, yalisawazishwa, mifupa ikazikwa pamoja chini ya njia. Mwashi akauliza njia ipi. Akaambiwa ni hiyo hiyo aliyosimama juu yake. Aliruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto.

Hapo simu ikaita. Mama yake alikuwa hospitali ya mbali, akisubiri kupasuliwa uvimbe, na alikuwa amekula yamini: haingii chumba cha upasuaji kabla hajamuaga mumewe. Madaktari walishachoka kumbembeleza. Dada mtu, aliyekuwa kando ya kitanda, alikwisha kumwonya kaka yake kwamba uvimbe ule hautasubiri siku nyingine.

"Umefika kwa baba yako?" mama akauliza.

Mwashi akatazama huku na huko. Akaliendea kaburi la karibu, la marumaru, la mtu asiyemjua mbele wala nyuma, akapiga magoti.

"Nimefika, mama. Niko naye hapa. Ongea tu."

Akafungua spika, akailaza simu juu ya jiwe, akiomba watalii wasipite na kelele zao. Mama akazungumza polepole. Akamwambia mumewe kwamba watoto ni wazima, nyumba haivuji, na kwamba kama leo atazidiwa, basi amngoje. Mwashi aliuma kidole asilie.

Mama akamaliza. Mwashi akaiokota simu.

"Niko tayari, waniingize," mama akasema. "Ila wewe sauti yako ya uongo naijua tangu unaota meno. Muombe radhi huyo marehemu wa watu tuliyemsumbua. Halafu mtafute baba yako, umwambie nilikuwa nasema na yeye."