Siku Bi Frade Alipozuia Torati

Bi Frade alikuwa na mjukuu mmoja tu, Zelik, na Zelik alikuwa anaoa. Mnajua mambo yalivyo: Sabato ya kabla ya harusi, bwana harusi huitwa mbele kwenye Torati, na wanawake walioketi juu roshanini hummwagia lozi na zabibu kavu mpaka ajifunike kichwa kwa mikono. Bi Frade alikuwa amezificha lozi zake ndani ya soksi tangu kiangazi. Kilichomkosesha usingizi ni ngazi.

Sinagogi la Zabrodki lilijengwa na mababu kwa mbao tupu. Wakubwa wa enzi hizo walikataza lisizidi kanisa kwa urefu, basi mababu wakachimba sakafu. Unaingia kwa kushuka, na ukiinua macho, dari iko mbali kama mbingu. Mwaka ule dari ilikuwa imepakwa rangi upya, ina simba, ina tausi, ina nyota. Lakini ngazi ya nje, ile ya kupandia kwenye roshani ya wanawake, ilikuwa imeoza vipandio vya chini. Mabinti walikunja sketi wakaruka. Vikongwe walikaa nyumbani wakasali wakitazamana na paka.

Bi Frade alikuwa ameshamwendea Mzee Anshel, mwenyekiti wa sinagogi.

"Theluji ikiyeyuka, Bi Frade. Sasa mbao hakuna."

"Na zile zilizolala uani kwako?"

"Aa, zile ni za kiti changu kipya, pale ukuta wa mashariki, wanapokaa waheshimiwa."

"Zelik anaoa kabla theluji haijaanguka!"

"Basi utamrushia lozi mlangoni akitoka. Lozi ni lozi."

Bi Frade aliaga kwa adabu, na waliomfahamu wangeogopa adabu ile. Maana watu wa Zabrodki wana desturi yao ya zamani: mwenye dukuduku, awe mume awe mke, anaweza kuzuia Torati isisomwe mpaka asikilizwe. Ni haki isiyotumiwa ovyo. Wengi wanakufa hawajaitumia.

Sabato iliyofuata, gombo la Torati lilikuwa linatolewa kabatini, wanaume wote wamesimama, mlango ukafunguliwa. Bi Frade akashuka. Tangu azaliwe hakuwahi kukanyaga upande wa wanaume watu wakiwa wamejaa. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye jukwaa la kusomea la katikati, kati ya nguzo nne kubwa, akaushika ukingo wake.

"Leo hakuna kusoma," alisema.

Minong'ono ikazuka. "Mama, chungu changu cha maharage kinaungua kwenye tanuri la mwokaji!" mmoja akalalama.

"Kiungue. Kitendawili!"

Na wanaume wale, wenye ndevu na wasio nazo, wakajikuta wameitika kama watoto: "Tega!"

"Nyumba yangu imevaa kilemba cha hariri, lakini inatembea peku."

Wakatazamana. "Kuku!" "Wewe, kuku ni nyumba?" "Tajiri bahili!" "Uyoga!"

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Warsaw!" mmoja akapaza sauti.

"Nimekwenda Warsaw, nimekula samaki, nimeshiba, nimerudi. Nyumba yenyewe ndiyo hii. Tazameni juu, simba wamepakwa dhahabu hadi kucha. Kisha nendeni nje mkatazame ngazi yetu."

Kule juu mabinti wakacheka mpaka roshani ikalia. Mzee Anshel alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Rabi, mwambie huyu mama atupishe!"

Rabi alikuwa mzee wa maneno machache. Akaketi. "Haki ni yake, Anshel. Mimi nangoja."

"Basi, nimekubali! Ngazi itajengwa."

"Lini?" Bi Frade hakuachia ukingo.

"Karibuni."

"Karibuni hana mguu, hafiki. Kwa mbao zipi?"

Tumbo la mtu likanguruma, likasikika mpaka kwa rabi. Zundl fundi seremala, aliyekuwa karibu na mlango, akakohoa. "Nikipata mbao, namaliza kabla ya Ijumaa. Kazi ya mikono yangu ni bure."

Macho yote yakamgeukia Mzee Anshel. Alikitazama kiti chake cha zamani, akautazama ukuta wa mashariki, akashusha pumzi ndefu.

"Zichukueni," alisema. "Lakini Bi Frade, ukimaliza kuzuia Torati, usije ukazuia na chakula changu."

"Nitakuletea keki ya asali, baba. Someni."

Sabato ya kabla ya harusi, ngazi ilinukia msonobari, na utomvu uling'ang'ania sketi za vikongwe waliopanda wakishikana viuno, wakigombana nani atangulie. Bi Pesha, jirani wa Bi Frade, alikaa akihema. "Yaani humu ndani kuna joto hivi, na mimi nimekaa na paka miaka yote hii?"

Bi Frade hakumsikia. Aliweka jicho kwenye upenyo wa mbao. Zelik alikuwa jukwaani, shingo imemnyooka kama ya baba yake. Alipofunga baraka ya mwisho, bibi yake akachota konzi nzima ya lozi.

"Taratibu, utamtoboa kichwa!" Pesha akasema.

"Kichwa changu hicho," alijibu Bi Frade, akarusha.